Makovu ya Moto Katika Mlima Kenya

Maji ya Mto Tana yanayoingia baharini pale Kipini yametoka mbali. Yameteremka kutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, yakapita Sagana, yakakusanywa katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yanakozungusha mitambo ya umeme, kisha yakashika njia ya nchi kame kupitia Garissa, Hola na Garsen, mwendo wa takriban kilomita 1,000, hadi kufika kwetu. Sisi watu wa pwani tumezoea kuuona mto huu mwisho wake, ukiwa mpana na mwekundu kwa udongo. Waliopata kwenda kuutazama mwanzo wake ni wachache. Mwezi wa Januari, katika kiangazi, Mwenyezi Mungu alinijaalia kufika huko. Waislamu wa Nyeri walinialika kuwasomeshea darsa kwa siku chache, na niliyoyaona mlimani baada ya darsa ndiyo ninayopenda kuwasimulia wasomaji wa jarida hili, wazee na vijana, kwa kuwa yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Nyeri ni mji wa baridi uliokaa baina ya milima miwili. Magharibi yake iko safu ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua, na kaskazini mashariki uko Mlima Kenya wenyewe. Alfajiri, kabla mawingu hayajaupanda, kilele huonekana wazi, cheusi chenye mistari myeupe; ikifika saa nne za asubuhi kimeshafunikwa, na mgeni aliyechelewa kuamka huambiwa arudi kesho. Wazee wa Kikuyu walikuwa wakiuelekea mlima huu katika maombi yao, na Jomo Kenyatta alikitia kitabu chake cha mwaka 1938 jina linalotokana na desturi hiyo. Waislamu wa huko, ambao baadhi yao ni wajukuu wa watu wa pwani waliopanda bara zamani kwa biashara na kazi za msafara, hawauelekei mlima bali Al-Kaaba. Hata hivyo nilipochukua ramani nikapima, niliona jambo la kufurahisha: kwa mtu anayeswali Kerugoya, upande wa kusini wa mlima, kibla kinakaribia sana kupita juu ya kilele chenyewe. Kwa aliye upande wa kaskazini, karibu na Timau, kilele kiko mgongoni mwake.

Katika Nyandarua wageni huonyeshwa pia mahali pa Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti, ambako mwaka 1952 Elizabeth alipanda akiwa binti wa mfalme na kuteremka akiwa malkia. Miaka miwili baadaye wapiganaji wa Mau Mau waliitia moto. Huo nao ulikuwa moto wa mkono wa binadamu, lakini waliouwasha walijua wanachochoma na kwa nini. Mioto ninayotaka kuizungumzia haina hata hilo.

Vijana wawili wa msikitini walijitolea kunipeleka mlimani. Tuliondoka Nyeri baada ya swala ya alfajiri, tukapita Kiganjo na Naro Moru, mlima ukiwa kuliani mwetu njia nzima, tukafika Nanyuki inapopita Ikweta, kisha tukaendelea na barabara ya Timau hadi njia panda ya lango la Sirimon. Lango hilo liko mita 2,650 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi kambi ya Old Moses, iliyo mita 3,300, ni kilomita tisa za kupanda kwa miguu katika barabara ya gari. Mtu wa umri wangu huweza kuzimaliza akienda kwa subira, na subira tulikuwa nayo. Tulimchukua mwongozaji mwenye kibali, mtu wa Nanyuki wa makamo, mpole, asiyesema mpaka aulizwe. Aliniita Mzee mpaka vijana walipomfahamisha, na toka hapo akaniita Shehe.

Mwanzo wa njia ni msitu wa mierezi na mipodo, miti mirefu yenye ndevu za kuvu zinazoning'inia. Katika pande zenye mvua nyingi, kama Chogoria na Naro Moru, juu ya msitu huo huja ukanda mzito wa mianzi. Upande huu wa kaskazini ni mkavu na mianzi haipo. Mtu hutoka msituni akaingia moja kwa moja katika miti ya erika. Erika ni mmea wenye majani madogo mithili ya sindano na maua meupe membamba. Ukiachwa kwa miaka mingi hurefuka ukawa mti wenye shina la kukumbatiwa. Ukiunguzwa mara kwa mara hubaki kichaka.

Hapo ndipo tulipoyakuta makovu. Kilima kizima upande wa kushoto wa njia kilikuwa kimejaa vijiti vyeupe vilivyosimama, maelfu kwa maelfu, vimepinda vyote upande mmoja kwa upepo, kama mifupa ya samaki iliyotupwa pwani. Vilikuwa vigogo vya erika iliyokufa imesimama. Nilikigusa kimoja, kilikuwa kikavu na laini kama pembe, na ndani ya nyufa zake bado mlikuwa na weusi. Nilimwuliza mwongozaji ni lini. Akasema sehemu hiyo iliungua mwaka 2012, na kipande kilichopakana nayo kikaungua mwaka 2019.

Moto wa Machi 2012 wengi wanaukumbuka. Ulikuja mwishoni mwa kiangazi, ukashika sehemu kadhaa za mlima, ukawaka siku nyingi hata moshi wake ukapigwa picha na setilaiti za Marekani. Shirika la Wanyamapori la Kenya, Shirika la Misitu, wanakijiji na wanajeshi walipanda kuuzima, na askari wa Uingereza wanaofanyia mazoezi yao Nanyuki wakaenda kusaidia. Walioshukiwa ni watu, majangili wakiwa wa mwanzo kutajwa. Wa mwaka 2019 ulianza mwishoni mwa Februari, msimu ule ule wa ukame. Mwongozaji wetu alikuwa miongoni mwa waliopanda kuupiga kwa matawi mabichi na makoleo. Alisema ugumu haukuwa ndimi za moto zinazoonekana. Katika nyanda hizo za juu udongo ni mboji, majani yaliyooza kwa mamia ya miaka, nao ukikauka huweza kushika moto wenyewe. Mtu hudhani amemaliza, akaenda kulala, na asubuhi moto huchomoza mahali pengine, umetembea chini kwa chini usiku kucha.

Ninalotaka msomaji alishike ni hili la muda. Nyasi za juu, zile zinazoota kwa mafungu magumu, hurudi baada ya mvua moja au mbili, na mpita njia asiyejua huona kijani akasema mlima umepona. Erika huchipua tena kutoka mashinani, lakini kwa baridi ile hukua polepole sana. Ikiunguzwa tena kabla haijakomaa, hurudi nyuma zaidi, na mwisho mahali pa msitu hubaki majani matupu. Juu zaidi kuna mmea ambao watu wa pwani hawajapata kuuona mfano wake: shina nene lenye urefu wa mtu wawili, na kileleni mwake shada la majani makubwa kama kabichi. Wataalamu huuita senesio. Majani yake yakifa hayaanguki, hubaki yamelizunguka shina kama blanketi, kwa kuwa kule juu kila usiku huingia baridi ya barafu. Moto ukipita hulichoma blanketi hilo kwanza. Hata mmea usipoungua wenyewe, utakuwa uchi mbele ya baridi, na huenda ukafa baadaye, moto wenyewe ukiwa umeshasahauliwa.

Na maji? Nilimwuliza mwongozaji kwa nini miti mifupi kama ile iwe na uzito kwa mito. Hakunijibu kwa maneno. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni. Akanipeleka kwenye erika hai, akakamata tawi lenye kuvu refu na kulikamua, maji yakamchirizika hadi kwenye kiwiko. Mvua ilikuwa haijanyesha. Majani yale madogo huchana ukungu kama kitana, maji yakadondoka chini, mboji ikayafyonza na kuyatoa kidogo kidogo miezi ya kiangazi, wakati mito inapoyahitaji zaidi. Mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima wa Kilimanjaro kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2005 kuwa mlima ule umepoteza maji mengi zaidi kwa misitu yake ya juu kuteketea kuliko kwa barafu yake kuyeyuka. Watu wote husikitikia barafu, kwa kuwa barafu huonekana ndegeni na hupigwa picha. Vichaka vya erika havina wa kuvililia.

Sisemi kuwa kila upungufu wa maji ya Tana umetokana na moto. Mabwawa yana sehemu yake, mashamba ya umwagiliaji na maua yana sehemu yake, na ukame wa miaka ya karibuni una sehemu yake kubwa. Lakini mkulima wa Ozi, karibu na Kipini, ambaye maji ya bahari humpandia mtoni mto unapopungua nguvu na kumharibia mpunga na miembe, hana budi kujua kuwa mshipa mmoja wa mto wake umekatwa pale juu penye vijiti vyeupe. Wasamburu walio chini ya Mto Ewaso Nyiro, upande wa pili wa mlima, wanalijua hilo zaidi yetu.

Nani huwasha? Wapo warina asali wanaoingia na mienge kuwafukuza nyuki, wakaiacha chini ikifuka. Wapo wachoma mkaa. Wapo wachungaji wanaochoma majani makavu ili yachipue mabichi, jambo ambalo baba zao walilifanya nchi ilipokuwa pana na watu wachache. Wapo majangili, na wapo waliolima bangi ndani kabisa ya msitu. Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori lilipoukagua mlima kwa ndege lilikuta mashamba ya bangi, matanuri ya mkaa na miti iliyokatwa kwa wingi wa kutisha. Na wapo wapandaji wenyewe. Tusiwasahau hawa, maana siku hizi vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu nao wanaunda vikundi vya kwenda kupanda milima wakati wa likizo, jambo jema kwa afya na kwa kuuona uumbaji wa Mola.

Kilimanjaro ilitoa mfano wa karibu. Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Whona, mahali pa kupumzikia wapandaji wa njia ya Marangu, baina ya vituo vya Mandara na Horombo. Maelezo ya awali ya wakubwa wa hifadhi yalikuwa kwamba wapagazi waliokuwa wakipasha moto chakula cha wageni ndio walioanzisha bila kukusudia. Chakula cha mchana tu! Mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwemo wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, na uliposhindwa ulikuwa umeteketeza kiasi cha kilomita za mraba 95. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, ukazuka mwingine karibu na kambi ya Karanga.

Njiani nilikuwa nikikumbuka masomo ya fiqhi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi waliliweka suala hili mbele yao karne nyingi kabla ya hifadhi na vibali. Mtu akiwasha moto katika ardhi yake, kwa kiasi cha desturi, siku isiyo na upepo, kisha upepo ukavuma na kuuvusha kwa jirani, hana dhamana. Akiuwasha mkubwa kupita desturi, au siku ya upepo mkali, au katika ardhi isiyokuwa yake, atalipa kilichoungua. Kutokusudia humwondolea dhambi, hakumwondolei dhamana. Na katika Suratul Anbiyaa tunasoma habari ya Nabii Daud na Nabii Sulaiman (a.s.) walipohukumu juu ya mifugo iliyoingia usiku katika shamba la watu, kondoo hawakukusudia kitu, na mwenye nao alitakiwa kurekebisha.

Basi mrina asali aliyeingia msitu wa serikali na mwenge wake, hukumu yake iko wazi. Ugumu uko kwenye malipo. Fiqhi inasema kilicho na mfano hulipwa kwa mfano wake, na kisichokuwa na mfano hulipwa kwa thamani yake. Mti wa erika wa miaka 100 hauna mfano sokoni. Na thamani ya kukamua ukungu nani ataipima?

Jirani na Nanyuki wamejaribu kuipima, si kwa mlima wenyewe bali kwa vilima vya Lolldaiga, ambavyo kutoka barabara ya Timau tuliviona upande wa kaskazini. Machi 2021 askari wa Uingereza walikuwa katika mazoezi kwenye ardhi ya uhifadhi huko, moto ukatoka mikononi mwao na kuteketeza zaidi ya ekari 10,000. Mtu mmoja aliyekwenda kusaidia kuuzima alifariki kwa kugongwa na gari. Wakazi walilalamika kuwa moshi uliwadhuru macho na vifua, wakaenda mahakamani. Waingereza walijitetea kuwa mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yao. Mwaka 2022 mahakama ikaamua kuwa inayo. Mwaka 2025 ilitangazwa kuwa Uingereza itatoa pauni milioni 2.9 kwa watu 7,723. Ukizigawa sawasawa ni kama pauni 375 kwa kila mtu. Kijana mmoja katika wenzangu, ambaye ana jamaa upande huo, alisema kwa uchungu kuwa fedha hizo hazimnunulii mtu hata ng'ombe wawili. Mimi nasema kidogo kimelipwa, na kulipwa huko, baada ya miaka minne ya kubishana, kumethibitisha kwamba dhamana ipo hata kwa mwenye nguvu. Lakini waliolipwa ni watu. Vilima havikulipwa kitu.

Nikawa najiuliza pia kuhusu mrina asali wetu wa Kabaru au Gathiuru. Hana pauni wala mawakili. Akikamatwa atafungwa, na msitu hautapata chochote kutokana na kifungo chake. Mwongozaji alinieleza kuwa tangu Sheria ya Misitu ya 2005 wanakijiji wanaruhusiwa kuunda vyama vyao vya kuhudumia msitu pamoja na serikali. Huruhusiwa kutundika mizinga na kulisha kwa utaratibu, nao huwa wa kwanza kupiga simu moshi ukionekana. Alisema mwanachama wa chama hujua kila mzinga ni wa nani, kwa hiyo moto ukianzia mzingani hauna pa kujificha. Nadhani hapo kuna busara kuliko katika faini kubwa. Mtu hulinda anachokila.

Tulifika Old Moses adhuhuri imeshaingia. Maji ya kijito yalikuwa baridi kiasi cha kuuma mifupa, na mmoja wa vijana akaniuliza, nusu kwa mzaha, kama tayammamu haijuzu. Nikamwambia kuwa mwenye uwezo wa kupasha maji hana udhuru, na jiko la gesi tunalo mbele yetu. Akacheka, akatawadha kwa maji ya baridi. Tulijumuisha adhuhuri na alasiri kwa kuwa tulikuwa safarini, mlima ukiwa nyuma yetu. Baada ya swala niliwasomea vijana habari iliyopokewa ya nyumba iliyoungua usiku Madina na watu wake wamo ndani, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyouita moto adui na kuagiza uzimwe kabla ya watu kulala. Mwongozaji, ambaye si Mwislamu, alikaa pembeni akisikiliza, kisha akasema kuwa agizo hilo lingebandikwa kila kambi.

Wazazi watakaowaruhusu vijana wao kwenda, basi wawaulize viongozi wa vikundi maswali haya kabla ya kutoa nauli: mtapikia nini, nani ana dhamana ya jiko, na mvutaji wa sigara mtamfanya nini? Kikundi kisichokuwa na jibu kisipewe mtoto.

Tulipoteremka, kama nusu saa chini ya kambi, mwongozaji alisimama ghafla akatazama kando ya njia. Mawe matatu meusi yalikuwa yamepangwa karibu na kijito, pamoja na kopo la samaki na vipande vya erika vilivyoungua nusu. Mtu alikuwa amepika hapo, jana au juzi, nyasi zote kandokando zikiwa kavu kama karatasi. Alichutama akaweka kiganja chake juu ya jivu, akasema limepoa. Hata hivyo alituomba chupa zetu za maji ya kunywa, akazimwaga zote mbili, akachimbua kwa vidole mpaka udongo wa chini, akainusa mikono yake, kisha akaenda kijitoni kujaza tena. Alifanya hivyo mara tatu. Sisi tulimngojea njiani.